Ardhi Tuliyopewa Bure



Mwaka 2021 mkesha wa Pentekoste uliangukia Jumamosi tarehe 22 Mei. Jioni ile tulikuwa kanisani, hapa Kindu, tukipamba altare kwa vitambaa vyekundu na kurudia nyimbo za Misa ya kesho yake. Lualaba ulikuwa ukipita kando ya mji kwa utulivu wake wa siku zote. Saa zilezile, karibu kilomita 400 mashariki yetu, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na lava ikaanza kuteremka kuelekea mji wa Goma. Hatukujua lolote mpaka simu zilipoanza kulia. Picha ya kwanza iliyotufikia ilionyesha anga jekundu juu ya mapaa, na watu wakikimbia na magodoro vichwani.

Siku ya Pentekoste yenyewe, baada ya Misa, kikundi chetu kilikutana kwa sala. Mmoja wetu alisimama akasema kwamba moto umeshuka mara mbili: kwetu umeshuka moto wa Roho Mtakatifu, na Goma umeshuka moto wa hasira, kwa kuwa mji ule umejaa dhambi. Mwingine akaongeza kwamba Kindu imejengwa juu ya mwamba, kama ile nyumba ya mtu mwenye akili katika Injili ya Mathayo, ndiyo maana sisi hatutikisiki. Maneno hayo yalitupendeza. Tuliyaitikia kwa sauti moja: Amina.

Kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, alikuwa ameketi dada mmoja wa kwaya yetu. Mama yake na wadogo zake watatu walikuwa wakiishi Goma, na tangu usiku uliotangulia alikuwa akiwapigia simu bila kuwapata. Aliposikia Amina yetu aliinuka, akapiga goti kuelekea tabernakulo, akatoka. Sisi tulidhani amekwenda kutafuta mtandao.

Tunaandika tafakari hii kwa sababu ya Amina ile.

Juma lililofuata habari zilikuja moja baada ya nyingine. Lava ilikuwa imesimama pembezoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege, baada ya kuteketeza maelfu ya nyumba. Watu wapatao 30 walikuwa wamekufa. Lakini ardhi haikutulia. Ilitetemeka mchana na usiku, mara nyingi kwa siku, mpaka nyumba zilizookoka moto zikaanza kupasuka kuta. Alhamisi tarehe 27 Mei serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, kwa kuhofia kwamba mwamba ulioyeyuka ulikuwa umesogea chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka: wengine kwa miguu kuelekea Sake, wengine kwa mashua kwenda Bukavu, wengine wakavuka mpaka wa Rwanda. Katika siku hizo zote kiti cha yule dada kwenye kwaya kilikuwa wazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kubisha hodi kwao.

Aliyetuamsha ni mwalimu mmoja wa jiografia, mlei wa chama chetu. Alikuwa amesikia tulichokisema. Hakutukaripia. Alituuliza swali moja tu: "Wanangu, kabla hamjasema Mungu amefanya nini chini ya Goma, je, mnajua chini ya Goma kuna nini?" Tulitazamana. Akatuomba tumpe Jumamosi tatu, na Jumamosi ya kwanza alikuja na avoka na kisu.

Tukikata avoka katikati tunaona sehemu tatu: ganda, nyama na kokwa. Dunia nayo ina ganda la nje, kisha sehemu nene ambayo wataalamu huiita mantili, kisha kiini. Kutoka tunaposimama mpaka katikati yake ni kilomita 6,371. Mahali pengi ganda la mabara lina unene wa kilomita 30 hadi 50, na chini ya bahari ni kilomita 7 hivi. Kwa kulinganisha na ukubwa wa dunia nzima, ganda hilo ni jembamba kuliko ganda la avoka. Juu ya unene huo mdogo ndipo ilipo miji yetu yote, makanisa yetu, mashamba yetu na makaburi ya wazee wetu.

Mantili inashuka mpaka kina cha kilomita 2,900. Ni mwamba mgumu, lakini joto lake ni kali hata unajongea polepole katika mamilioni ya miaka, kama uji mzito unavyojigeuza kwenye sufuria. Hapo mfano wa avoka unaishia, kwa kuwa kokwa la dunia lina sehemu mbili. Ya nje ni chuma kilichoyeyuka pamoja na nikeli. Ya ndani ni chuma kigumu, kwa sababu uzito wa vyote vilivyo juu yake unakizuia kuyeyuka ingawa joto lake ni la kutisha. Mzunguko wa chuma hicho cha majimaji ndio unaozaa nguvu ya sumaku ya dunia, ambayo huikinga na chembe kali zitokazo kwenye jua. Hatukuwahi kufikiri kwamba ndani kabisa, chini ya miguu yetu, kuna kitu kinachofanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya uhai wetu.

Tulimwuliza mwalimu yote hayo yamejulikanaje, maana nani amewahi kushuka huko? Alitujibu kwamba hakuna. Shimo lenye kina kuliko yote ambayo binadamu amechimba, lile la Kola nchini Urusi, liliishia kilomita 12 na kidogo. Halikulimaliza hata ganda. Kisha akatukumbusha mchezo wa utoto wetu. Wengi wetu tulikulia karibu na reli. Tulikuwa tukilaza sikio juu ya chuma ili tusikie treni itokayo Kongolo kabla haijaonekana. Wachunguzi wa dunia hufanya vivyo hivyo. Tetemeko linapotokea, mawimbi yake hupita ndani ya dunia na kutokea upande wa pili, na vyombo vya kupimia huyasikiliza. Wimbi la aina ya kwanza husukuma na kuvuta, nalo hupita kwenye mwamba na kwenye majimaji pia. Wimbi la aina ya pili hutikisa ubavu kwa ubavu, nalo haliwezi kupita kwenye majimaji. Ilipoonekana kwamba wimbi hilo la pili halivuki moyo wa dunia, wachunguzi walitambua kwamba humo mna kitu kilichoyeyuka. Mwaka 1936 mwanamke mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, aliyechunguza mawimbi ya tetemeko kubwa la New Zealand la mwaka 1929, alionyesha kwamba katikati ya majimaji hayo kuna kiini kingine cha ndani.

Kwa hiyo tetemeko lilelile linaloangusha nyumba ndilo linalotufunulia jinsi Mungu alivyoiumba dunia. Kanisa halikukaa mbali na kazi hiyo. Mapadri na mabruda Wayesuiti walijenga vituo vya kupimia matetemeko katika mabara mengi, hata watu wakaizoea elimu hiyo kwa jina la sayansi ya Wayesuiti. Hapa kwetu, kituo cha utafiti cha Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kimekuwa kikisikiliza ardhi ya Kivu tangu miaka ya 1950.

Jumamosi ya pili tulijifunza kwa nini Goma hutetemeka na Kindu hutulia. Ganda la dunia pamoja na tabaka gumu lililo chini yake limegawanyika katika mabamba yanayosogea. Upande wa mashariki wa bara letu, Afrika inajigawa polepole, milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua. Mahali inapogawanyika panaitwa Bonde la Ufa. Tawi lake la magharibi tunalifahamu kwa maziwa yake: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika. Mwamba ukivutwa hujikaza kwa miaka mingi bila kusogea, kisha siku moja huachia kwa ghafla. Kuachia huko ndiko tetemeko. Na pale ganda lilipokondeka, mwamba ulioyeyuka hupata njia ya kupanda, ndiyo maana Nyiragongo na Nyamulagira zinawaka pale zilipo.

Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Nyumba zilianguka Kalemie, na mtikisiko ukasikika mpaka Nairobi. Tarehe 3 Februari 2008 jingine la 5.9 lilipiga Bukavu na upande wa Rwanda. Ilikuwa Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi, saa ya ibada. Upande wa Rwanda waliuawa makumi ya watu, na baadhi yao walikuwa kanisani wakisali. Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Bukoba, nchini Tanzania, ambako watu 17 walipoteza maisha.

Na Kindu? Sehemu kubwa ya Kongo yetu imekaa juu ya bamba nene la miamba ya kale sana, ambayo baadhi yake ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Limepoa, limekaza, halipasuki kwa urahisi. Ufa unapita mashariki yetu, kilomita mia tatu na zaidi kutoka hapa. Mwalimu alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani kati yetu aliyeuweka mwamba huo. Ni sala ipi ya kikundi chetu iliyoupoza miaka bilioni 2 iliyopita? Tuliinamisha vichwa. Tulikuwa tumejivunia kitu tulichokikuta.

Tulilazimika pia kukiri jambo jingine. Moto ule tuliouita hasira ndio uliorutubisha udongo wa Kivu. Majivu na lava ya kale vilivyooza kwa karne nyingi ndivyo vinavyolisha maharage na viazi vya huko, na sisi wa Kindu tunavinunua sokoni vinapoletwa na ndege. Tumekula matunda ya mlima ule tangu utotoni, na siku ulipowaumiza majirani wake tukasema wamestahili.

Jumamosi ya tatu tulikuja na pingamizi letu. Je, Biblia haisemi kwamba nchi hutetemeka mbele za Bwana? Inasema. Mwalimu alimwomba Padri wetu aketi nasi, tukafungua kurasa pamoja. Katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, Eliya yuko mlimani Horebu. Upepo unavuma na kupasua miamba, kisha linakuja tetemeko, kisha moto, na mwandishi anatuambia kwamba Bwana hakuwamo katika hayo yote. Nabii alimtambua katika sauti ndogo ya utulivu iliyofuata. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anawakumbusha wasikilizaji wake watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anawauliza kama watu hao walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, naye mwenyewe anajibu kwamba sivyo, kisha anawageuzia walio hai wito wa toba. Sisi tulikuwa tumeugeuza wito huo na kuwaelekezea walioangukiwa.

Padri alitusimulia habari za Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Tarehe 1 Novemba 1755, Sherehe ya Watakatifu Wote, makanisa yalikuwa yamejaa waamini na mishumaa ikiwaka altareni. Tetemeko kubwa lilipiga asubuhi, makanisa yakaanguka. Bahari ikajikusanya na kuingia mjini kwa mawimbi. Na moto ukateketeza mabaki. Walikufa maelfu kwa maelfu. Mwaka uliofuata padri mashuhuri wa Shirika la Yesu, Gabriel Malagrida, alichapisha kijitabu akisisitiza kwamba chanzo cha maafa kilikuwa dhambi za mji wala si nguvu za maumbile. Hatuna haki ya kumcheka, maana sisi tulisema kama yeye, tena miaka zaidi ya 260 baadaye. Lakini twaona pia kwamba kutoka katika shirika hilohilo ndiko walikotoka baadaye mapadri waliokesha karibu na vyombo vya kupimia, wakiisikiliza dunia kwa uvumilivu. Kanisa hujifunza, na hakuna aibu katika kujifunza.

Padri alituuliza pia kama tulijua yaliyotokea Goma tarehe 17 Januari 2002. Lava ilipita katikati ya mji na kuliharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Kama moto ule ulikuwa ukitafuta wakosefu, je, ulitafuta nini pale Ekaristi ilipoadhimishwa? Hakuna aliyejibu. Kisha akatusomea Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 310, inayofundisha kwamba Mungu aliumba ulimwengu ulio bado safarini kuelekea ukamilifu wake, na kwamba katika safari hiyo kujenga na kubomoka kwa maumbile huenda pamoja mpaka uumbaji utakapokamilika. Fundisho hilo halikaushi machozi ya aliyefiwa, wala Padri hakudai hivyo. Linatuzuia tu kumwekea Mungu mkononi fimbo ambayo yeye hakuishika.

Je, hii ina maana kwamba katika maafa hakuna dhambi ya kutafutwa? Ipo, lakini tulikuwa tukiitafuta mahali pasipo pake. Watu wengi hawauawi na mtikisiko wa ardhi. Huuawa na ukuta uliojengwa vibaya, na jengo la umma ambalo saruji yake iliibwa kabla ya kumwagwa. Katika miezi ya kabla ya mlipuko wa 2021, kituo cha Goma cha kuchunguza volkeno kilikosa hata fedha za kulipia intaneti ya kupokelea vipimo vyake, na watafiti walilisema hilo hadharani. Hapo ndipo pa kuulizana habari za toba: nani aliacha mlinzi wa mji apofuke?

Kinyume chake pia tumekiona. Tarehe 26 Desemba 2004, Jumapili, sakafu ya Bahari ya Hindi ilipasuka karibu na kisiwa cha Sumatra. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 9.1. Sakafu ya bahari ilipoinuliwa, iliinua maji yote yaliyokuwa juu yake, na maji hayo yakasafiri baharini kwa mwendo unaokaribia ule wa ndege, yakiwa kimo kidogo huko kilindini na kuinuka kama ukuta yalipofika ufukoni. Wimbi la namna hiyo huitwa tsunami. Watu zaidi ya laki mbili walikufa katika nchi nyingi za bahari hiyo. Saa kadhaa baadaye lilifika Afrika Mashariki: Somalia ilizika watu wapatao 300, na Tanzania nayo ilipoteza watu. Kenya alikufa mtu mmoja. Habari zilikuwa zimetangulia, na wenye mamlaka wakawaondoa watu fukweni. Mtu aliyesimama juani kuwafukuza watoto wasiogelee, huku bahari ikionekana shwari, siku ile alitimiza amri ya upendo kama yule Msamaria barabarani. Huenda watoto wale walimnung'unikia. Walirudi nyumbani wakiwa hai.

Majuma machache baadaye mama wa yule dada alifika Kindu pamoja na watoto wake, kwa ndege iliyolipwa kwa mchango wa jamaa. Nyumba yao ilikuwa imepasuka, nayo haikukalika tena. Padri alimwomba aje aongee nasi, naye akakubali. Alikuja na kitenge cha Pentekoste, akaketi mbele yetu, akatuita wanawe.

"Wanangu," alisema, "Jumamosi ile nasi tulikuwa tumetoka kumaliza novena. Tulikuwa tumekwisha kupiga pasi nguo za Misa. Usiku tulikimbia, tuliporudi, ardhi ilitutikisa siku baada ya siku. Mdogo wao aliniuliza: Mama, ni nani anayesukuma nyumba? Nilimwambia kwamba Mungu yumo humu ndani pamoja nasi, hayuko nje akisukuma. Sikujua jibu lingine."

Kisha akatutazama mmoja mmoja, wala hakukuwa na ukali usoni pake. "Nimesikia kwamba mlituombea. Mlituombea nini?"

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wakati ule tulielewa kwa nini. Kiongozi wetu alisimama, akaeleza yote bila kuficha: maneno yaliyosemwa, mwamba tuliojisifia, na Amina iliyoitikiwa na wote. Aliomba msamaha kwa niaba yetu, nasi tukasimama pamoja naye. Mama alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe alisema kwamba yeye ametusamehe, lakini aliyekuwa benchi la nyuma siku ile si yeye.

Tulikwenda kwa binti yake jioni ileile. Alitupokea uani, akatupa viti. Tulipomaliza kusema alitujibu kwa maneno machache: kwa siku nne hakujua kama mama yake yu hai, na katika siku hizo nne alikuwa anatuhitaji. Hakusema zaidi. Mwezi wa Agosti alirudi kwaya. Huimba nasi, hucheka nasi, lakini tunajua kwamba kuna kitu tulichokivunja ambacho hakikurudi kama kilivyokuwa. Kati yake na sisi pana ufa, na tumejifunza kutoufukia kwa maneno ya haraka.

Ndipo tulipousoma upya mfano wa nyumba mbili katika Mathayo 7. Bwana hakusema kwamba mwenye akili ni yule aliyebahatika kuzaliwa penye mwamba. Alisema ni yule anayeyasikia maneno yake na kuyatenda. Kwa kipimo hicho, sisi tuliokaa juu ya miamba ya miaka bilioni 2 tulikuwa tumejenga juu ya mchanga. Na yule mama, juu ya ardhi iliyokuwa ikitikisika usiku na mchana, alikuwa ameketi juu ya mwamba na watoto wake mapajani.

Ndugu zetu vijana, ardhi imara ya Kindu tumepewa bure. Aliyepewa bure hadai heshima. Hutafuta namna ya kushiriki. Siku maji ya Lualaba yanapopanda na kuingia katika nyumba za ukingoni, sisi wenyewe tungependa vijana wa Goma waseme nini juu yetu? Tangu mwaka ule kikundi chetu kimejiwekea desturi moja ndogo. Habari za maafa zinapofika, kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa kuomba, tunaulizana: ni nani humu mwenye ndugu kule? Anayejibu hukaa katikati, wengine humzunguka, na mmoja hubaki naye mpaka simu ipokelewe. Baadaye hupitisha kapu: unga wa mihogo, chumvi, sabuni, au nauli ya mtu kufika. Sala huja baada ya hapo, nayo imekuwa fupi kuliko zamani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, tumewahi kulitaja janga la wengine kuwa adhabu ya Mungu? Ni nani aliyekuwa akitusikiliza?

2. Ni usalama gani tulio nao ambao hatukuufanyia kazi, na tunautumiaje kwa ajili ya wasio nao?

3. Katika mtaa wetu, ni jengo gani, mtaro gani au onyo gani linalopuuzwa, ambalo kesho laweza kugharimu uhai wa mtu? Tunaweza kumwendea nani kulisemea?

Sala

Ee Mungu Baba, uliyeiweka misingi ya dunia na kuujua moto ulio ndani yake, utusamehe maneno tuliyoyasema kwa jina lako bila wewe kutuagiza. Uwafariji ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Kalemie, na wote wanaolala bila kujua kama ardhi itatulia usiku huu. Uwape hekima wanaoisikiliza dunia, na uaminifu wanaojenga. Utufundishe kukaa karibu na anayesubiri habari, tusitafute maneno pale panapohitaji mtu tu wa kuketi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.